Anayengoja Njiani

JUMATANO

Soma 1 Samweli 30:9, 10, 21–25. Kwa nini Daudi aliwapa sehemu sawa watu ambao hawakufika vitani?

Mwaka 2003 ulianza msafara wa baiskeli uitwao Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, mwendo wa kilometa zipatazo 12,000. Waendeshaji huingia Tanzania kwa mpaka wa Namanga, hupita Longido, kisha huufikia mji wa Arusha chini ya Mlima Meru. Baadhi yao hushindana kwa saa. Wengine hutafuta kufika tu.

Mashindano ya safari ndefu huhitaji watu wa kujitolea vituoni. Huandika namba na saa ya kila anayepita, hujaza chupa za maji, humpa pampu aliyepata pancha. Kazi ngumu kuliko zote ni kungoja. Wa kwanza hupita wakishangiliwa. Wa mwisho huja watazamaji wamekwisha kwenda zao, naye ndiye mwenye kiu zaidi. Kituo kikifungwa kabla hajafika, kimewahudumia wenye nguvu tu.

Kwenye kijito cha Besori watu 200 walibaki kwa kuchoka, na 400 wakaendelea. Baada ya ushindi wengine walitaka kuwanyima nyara wale waliobaki. Daudi alikataa, kwa kuwa ushindi wenyewe ulikuwa zawadi ya Bwana. Kilichopokewa kwa neema hakigawanywi kwa kupimana nguvu.

Soma Nehemia 13:15–19 na Luka 14:1–6. Mafungu haya yanaelekezaje matumizi ya saa za Sabato?

Chukulia kijana wa Lemara aliyejitolea kituoni siku ya Ijumaa. Jua linakaribia kuzama. Nyumbani, familia inamngoja kwa ibada ya kufungua Sabato. Daftari lake linaonyesha kwamba mtu mmoja bado hajapita. Nehemia alifunga malango ili biashara isiingie katika saa takatifu. Yesu naye alimponya mgonjwa siku hiyohiyo, wala hakuomba radhi. Kijana anaweza kumkabidhi mwingine daftari la mashindano, maana hilo ni shughuli ya juma. Lakini kumwacha mtu gizani bila maji si kuitunza Sabato. Hekima ni kupanga mapema, siku ya maandalio, nani atapokea zamu. Na asipopatikana mtu, rehema haina budi kubaki barabarani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ungekuwa kijana yule, ungefanya nini? Mpaka uko wapi kati ya rehema na kisingizio?

2. Soma Mathayo 10:42. Katika kanisa lenu, ni nani anayekuja wa mwisho, na je, hukuta kituo bado kiko wazi?

3. Soma Waebrania 12:1, 2. Yesu aliyetangulia kumaliza mbio anawasaidiaje walio nyuma?