Siku Zinazofuata

Si ajabu kusikia maneno haya katika hospitali zetu za Lubumbashi: "Sasa anasema, anakula uji; tumpeleke nyumbani, tumshukuru Mungu." Kumshukuru Mungu ni vema. Lakini je, yafaa kumwondoa? Hilo ni swali la dhamiri, wala si la waganga peke yao.

Chukueni ugonjwa mmoja. Katika mshipa unaopeleka damu ubongoni huenda pakatokea uvimbe mdogo kama puto. Siku moja unapasuka, na damu inamwagika kuuzunguka ubongo. Mtu hushikwa ghafula na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Wengi hufa. Anayesalimika, wapasuaji wa ubongo wakiwapo, huzibwa uvimbe ule usipasuke tena, na watu wake hupumua. Kumbe, adui wa pili yu njiani! Damu iliyomwagika, inapoharibika, huichokoza mishipa kwa nje, nayo hujikaza na kuwa myembamba. Kwa kawaida jambo hilo huanza siku ya 3 au ya 4, huzidi kati ya siku ya 7 na ya 10, kisha hupungua baada ya majuma mawili au matatu. Sehemu ya ubongo inayokosa damu hufa. Yule aliyekuwa akiongea jana anasinzia, maneno yanamchanganyikia, mkono unalegea.

Iko dawa ya kumkinga, jina lake nimodipini. Ajabu yake, haiipanui sana mishipa yenyewe. Lakini ubongo hupona zaidi. Mwaka 1989 waganga wa Uingereza walitangaza majaribio yao kwa wagonjwa 554: kati ya waliopewa dawa hiyo, 22 katika 100 walipata kufiwa na sehemu ya ubongo, kati ya wasiopewa, 33. Hutolewa miligramu 60 kila saa 4, usiku na mchana, siku 21. Hesabuni: mara 126! Tena mgonjwa asipungukiwe maji, wala presha yake isishuke mno. Dawa hii yenyewe huweza kuishusha, ndiyo maana ndugu asijipimie kwa akili yake.

Wengine husema kwamba kuogopa ubaya usioonekana bado ni kukosa imani. Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alihesabu kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Na yule Msamaria mwema hakutosheka na mafuta na divai ya siku ya kwanza. Alimwachia mwenye nyumba dinari mbili kwa ajili ya siku zilizofuata, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Sisi twapenda sana siku ya kwanza: wote tunakuja, tunalia, tunachanga. Siku ya nane anabaki mama mmoja kwenye mkeka.

Na gharama je? Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwaeleza waganga kwamba mtu hufungwa kutumia njia za kawaida, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati, zisizomlemea mno yeye wala wengine. Basi anayeuza nyumba ya watoto ili mgonjwa apelekwe ng'ambo hakuamriwa hivyo, na asiyeweza kufanya hivyo hana dhambi. Lakini kidonge kinachopatikana, maji na jicho la kumtazama mgonjwa usiku, hayo ni ya kawaida. Mzigo ukiwa mzito kwa jamaa mmoja, huwa mwepesi wakigawana zamu watu wa jumuiya ndogo ya Katuba au ya Ruashi.

Neno moja kwa wenzetu wauguzi. Mwambieni mama yule wazi, kwa lugha yake, hata kama mmechoka: zimebaki siku ngapi, dawa ni saa ngapi, na akiona usingizi usio wa kawaida au mkono uliolegea, aite mara moja, asingoje asubuhi.