Nani Anamlipa Mpiga Gitaa?

Muziki wa dansi nchini kwetu umelelewa na mashirika pamoja na bia. DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978 na ambayo magitaa yake bado yanawainua wazee vitini, ilibeba jina la baa, kisha ikawa mali ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; chama kikibadilika jina, nayo inabadilika, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mpiga gitaa wa enzi hizo aliajiriwa kama karani: mwisho wa mwezi anapanga foleni, anasaini, anachukua chake. Mashirika yalipochoka, mzigo ukaiangukia baa, na baa hupima muziki kwa kreti.

Mimi nauza chai. Kikombe cha maziwa na tangawizi shilingi 1,000, chapati 500, na Jumamosi jioni kuna muziki wa mtu na chombo chake. Je, kikombe cha chai kinaweza kumlisha mpiga gitaa? Nimekuwa nikilizungusha swali hilo kichwani kila nikifunga mlango.

Mgahawa uko nje kidogo ya Moshi, njia ya kupandia Kibosho: bati juu, mabenchi, meza chache, migomba nyuma. Wageni hushangaa kukuta chai katika nchi ya kahawa. Wenyeji hawashangai. Tangu siku za KNPA, chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kisha KNCU, ushirika wa mwaka 1933, babu zetu wameipalilia kahawa, wameichuma, wameimenya, wameianika na kuipeleka chamani, ikauzwa, ikapanda meli. Asubuhi nyumbani tulikunywa chai, majani yametoka Usambara au Mufindi, maziwa yametoka kwa ng'ombe wa kihambani. Kahawa ilikuwa ada ya shule, na ada hainywewi.

Kilichonishangaza mimi ni masikio ya wanywaji wa chai. Baani mpigaji akikosea, kelele zinamsitiri. Kwangu hakuna pa kujificha. Halafu huku mlimani wateja wengi wamekulia kwenye kwaya. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Walutheri wa huku wana kwaya na matarumbeta tangu zama za bibi zetu; mama anayeniletea maparachichi anaweza kukuimbia sauti ya pili ya wimbo wowote wa kitabuni huku anahesabu chenji. Siku moja alikuja kijana na gitaa ambalo uzi mmoja ulikuwa umelegea. Hakufika ubeti wa pili.

"Mwanangu, kaza huo uzi kwanza. Sisi tupo," mzee mmoja, meku kama tunavyosema huku, akamwambia, kisha akaongeza sukari kwenye kikombe chake.

Kijana akakaza, akaanza upya, na akapiga vizuri kweli. Nimewaona watu waliozoea majukwaa ya baa wakitokwa jasho pale zaidi kuliko yeye.

Lakini malezi hayohayo ya kwaya ndiyo yanayoniletea shida. Mtu aliyeimba bure Jumapili zote za maisha yake haoni kwa nini wimbo uwe na bei. "Kwani si anapenda kuimba?" Nimeulizwa hivyo na watu wenye heshima zao. Anapenda, ndiyo. Hata daktari huenda anaipenda kazi yake. Wenye kumbi nao wana lugha yao: njoo upige, utajitangaza, utakula, soda ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamjali hata mtunzi ambaye hayupo ukumbini. Sasa huyu aliyekaa mbele yako, vidole vimeota sugu, umpe soda?

Wapigaji wangu wengi ni watu wa mlima. Ni wapagazi na waongozaji, walewale wanaowaimbia watalii safari ikimalizika, kisha wanangoja bakshishi. Msimu wa wageni ukichanganya siwapati, na siwalaumu. Masika ikifika, Aprili na Mei, mlima unapoa na wao wanateremka na magitaa yao. Wakati huo ndipo na mimi sina wateja, maana nani atatoka Majengo au Pasua apande na matope kuja kunywa chai? Muziki unafurika wakati pesa imekauka. Disemba mambo yanageuka: ndugu wamerudi kutoka Dar na Nairobi, magari yamejaa barabarani, benchi halitoshi, na mpigaji niliyemtegemea yuko juu kambi ya Barafu na mzigo wa mtu kichwani. Mvua ikishuka kwenye bati, gitaa halisikiki kabisa. Tunanyamaza wote, tunakunywa. Malipo ya mpigaji ni yaleyale, maana mvua hakuiita yeye.

Hilo la malipo nimelifanya amri: mpigaji anapewa chake kabla hajafungua mkoba wa gitaa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, nilishawishika kumwambia mtu asubiri. Muuza sukari hakusubiri.

Pwani wana utamaduni wa kutunza. Kwenye taarab mtu anainuka na noti yake, anajionyesha, anarudi kukaa. Nilijaribu kopo la tunzo mezani, likabaki na sarafu. Watu wetu pesa huwatoka kwa njia nyingine. Wanavyotutania, Mchagga hatoi shilingi bila kuona kitu. Basi nikaweka kitu: mkungu wa ndizi mshare, ukapigwa mnada kama tunavyofanya nje ya kanisa baada ya ibada. Mkungu ambao soko la Mbuyuni ungeuzwa kwa bei ya kawaida ulipanda mara tatu, aliyeununua akaurudisha upigwe tena, na mpigaji akaondoka na kitu juu ya malipo yake. Ndizi zilizua ushindani ambao wimbo peke yake haukuuzua. Sijui nicheke au nihuzunike, lakini tumeendelea na mnada.

Mdogo wangu wa kike ndiye anayeshika daftari. Alikuwa akiuweka muziki chini kabisa, kwenye matumizi mengine.

"Kaka, huyu tumpe tukipata faida."

"Na wa maziwa tunampa tukipata faida?"

"Wa maziwa asipolipwa haleti."

"Kwa hiyo tunamdhulumu huyu kwa sababu anakuja?"

Alikaa kimya, akapiga mstari kwa rula. Sasa gitaa liko chini ya maziwa na juu ya mkaa, kwa sharti moja kwamba chai ya Jumamosi iwe 1,500. Meku wa sukari ameipokea habari hiyo kwa utulivu, ila amesema kwa bei hiyo nyimbo atachagua yeye.