Wimbi Bila Maji

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Saa kadhaa baadaye bahari ilivimba na kujivuta kwa namna isiyo ya kawaida katika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka pale. Watu walikufa, wengi wao Somalia. Hata hivyo, hakuna ndoo moja ya maji ya Sumatra iliyofika Malindi. Maji ya kule yalibaki kule. Yaliyopanda ufukweni yalikuwa maji ya huku huku. Basi ni nini kilichovuka Bahari ya Hindi?

Jibu la haraka ni nishati. Ni jibu sahihi, ila linasogeza tu swali mbele, kwa sababu nishati nayo haijawahi kuonekana ikitembea peke yake bila kuwa nishati ya kitu fulani. Wimbi ni tukio linalohama: umbo linadumu, huku vinavyoliunda vikiingia na kutoka. Anayejaribu kulishika hubaki na maji mkononi.

Sauti ni ya jamii hiyo hiyo. Ndani ya daladala iliyojaa asubuhi, konda humsukuma abiria wa mlangoni, na msukumo ukafika kiti cha nyuma ingawa hakuna aliyesogea zaidi ya unyayo mmoja. Hewa nayo iko hivyo. Mtu anapozungumza, kila chembe ya hewa huenda na kurudi kwa umbali usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini mbano wenyewe hukimbia mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Ndani ya maji mwendo hupita mita 1,400, na ndani ya chuma hupita 5,000. Volkano ya Krakatau ilipolipuka mwaka 1883, mkuu wa polisi wa kisiwa cha Rodrigues, umbali wa takriban kilomita 4,800, aliandika kwamba ilisikika milio kama ya mizinga. Milio hiyo ilikuwa imeshakaa njiani kwa saa nne hivi.

Hewa ikiondolewa, je? Athanasius Kircher, huko Roma, alisikia kengele ikilia ndani ya chombo kilichodhaniwa kuwa kitupu, akaona amepata ushahidi kwamba utupu haupo duniani. Kumbe sauti ilikuwa na njia nyingine ya kutorokea: kile kilichoishikilia kengele. Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa pampu iliyoundwa na Robert Hooke. Saa ya mfukoni, safari hii ikining'inizwa kwa uzi, ilizidi kufifia mlio kadiri hewa ilivyonyonywa. Ikaonekana kanuni imekamilika: wimbi halina budi kuwa na kitu cha kulibeba.

Lakini saa ile ya Boyle, hata ilipokuwa haisikiki tena, iliendelea kuonekana.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikumkera mtu, kwani wengi walimfuata Newton aliyeamini kwamba nuru ni chembechembe zinazorushwa. Kuanzia 1801 Thomas Young alionyesha kwamba nuru ikikutana na nuru inaweza kuzaa giza, jambo lisilotarajiwa kwa chembe na la kawaida kwa mawimbi. Mwaka 1818 Siméon Poisson, akitaka kuiumbua nadharia ya Augustin Fresnel, alipiga hesabu akasema: kama nuru ni wimbi, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo lazima pawe na nukta ya mwanga. Upuuzi mtupu! François Arago akafanya jaribio, na nukta ikawapo.

Kama ni wimbi, basi ni wimbi la nini? Wanasayansi wakalijaza anga lote kwa kitu walichokiita etha. Fresnel alipogundua kwamba nuru hutikisika kukingama na njia yake, mambo yakaharibika zaidi, maana mtikisiko wa aina hiyo haupiti ndani ya gesi wala kimiminika. Hudai kitu kigumu. Etha ikalazimika kuwa ngumu kupita chuma, na papo hapo iiachie Dunia ipite ndani yake kwa kilomita 30 kwa sekunde bila kuikwaza. Waliokubali haya walikuwa miongoni mwa vichwa bora vya karne ile. Ugumu wa kuwaza tendo lisilo na mtendaji ni mkubwa kiasi hicho, na anayewacheka ajaribu kwanza kuliwaza yeye mwenyewe.

Mwaka 1887, mjini Cleveland, Albert Michelson na Edward Morley waliugawanya mwali wa nuru katika njia mbili zilizokingamana, juu ya bamba la jiwe lililoelea kwenye zebaki, wakitafuta dalili za Dunia kuipasua etha. Hawakuzipata. James Clerk Maxwell alikuwa ameshaonyesha kwamba uga wa umeme unaobadilika huzaa wa sumaku, na wa sumaku ukazaa wa umeme, hivyo hivyo hadi mbali, na kwamba nuru ndiyo wimbi hilo. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema etha haihitajiki tena. Wapo wanaoona uga ni etha iliyobadilishwa jina. Hawakosei sana, ila wanasahau jambo moja: etha ilikuwa na utulivu wake, mtu angeweza kuwa na mwendo ndani yake. Uga wa Maxwell hauna hali hiyo ya kutulia ambayo mwendo ungepimwa kwayo.

Mashine ya Michelson haikutupwa. Ilikuzwa hadi mikono ya kilomita nne, ndani ya mabomba yaliyotolewa hewa, huko Hanford na Livingston, Marekani. Tarehe 14 Septemba 2015 mikono hiyo ilirefuka na kufupika kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya mia ya upana wa protoni, kutokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja kutoka hapa. Safari hii kilichotikisika ni umbali wenyewe. Masafa ya mtikisiko huo, takriban hezi 35 hadi 250, sikio la mtu linayamudu, hivyo watafiti wakayageuza kuwa sauti na kuyapitisha kwenye spika. Na kipande cha mwisho cha safari, mita chache hadi masikioni, kikahitaji hewa.