BEI YA KITU KISICHOTENGENEZWA TENA

Kila kitu kinachotengenezwa leo kina mizani ya bei yake iliyo wazi. Mwenye kutaka mkeka, akiona mwenye duka amezidisha, aenda duka la pili. Na maduka yote yakizidisha, msukaji yupo, naye aulizwa ukindu wapatikana kwa kiasi gani na ujira wake wa siku ni kiasi gani, na bei ya haki haiwi mbali na hapo. Lakini kitu ambacho fundi wake amekufa, au kiwanda chake kimefungwa, hakina mizani hii. Hapana duka la pili, wala hapana wa kuulizwa gharama. Idadi iliyoko duniani ndiyo hiyo hiyo, nayo yapungua kwa kuvunjika na kupotea. Basi mwenye kitu hicho akitaka kukiuza, achukue kiasi gani? Na ni mpaka upi ambao akiuvuka atahesabiwa kuwa amekula mali ya mwenziwe kwa dhuluma?

Mfano mwema wa jambo hili ni vigari vya kuchezea vya Dinky. Vilitengenezwa Liverpool, Uingereza, na kampuni ya Meccano iliyoasisiwa na Frank Hornby; vilianza kutoka katika miaka ya 1930, na jina hilo la Dinky likatumika tangu mwaka 1934. Vilikuwa vya madini, vidogo vya kutosha mkononi mwa mtoto, na bei ya kimoja ilikuwa peni chache. Mwezi wa Novemba mwaka 1979 kiwanda chao cha Binns Road kikafungwa. Jina lenyewe lilipata wenyewe wengine baadaye, lakini vigari vile vya Liverpool vilikwisha. Na vile vya kabla ya vita vya 1939, hasa vigari vya mizigo vilivyoandikwa majina ya maduka ubavuni, kimoja kikipatikana kizima huweza kuuzwa mnadani kwa maelfu ya pauni. Wanunuzi wake si watoto. Ni watu wazima wenye mvi. Kuna atakayecheka, naye ana ruhusa ya kucheka, illa hukumu ya biashara haisimami juu ya kicheko cha jirani. Kitu kikiwa halali na chatakwa, basi ni mali, na kuidhulumu ni dhuluma.

Mfano umeshikwa makusudi katika vigari, si katika visanamu vya watu na wanyama, ambavyo navyo hukusanywa na kuuzwa vivyo hivyo, kwa kuwa masanamu ya wenye roho yana maneno yake mengine kwa wanazuoni, na kuyaingiza hapa ni kuyavuruga yote mawili. Wala mwambao hauko mbali na habari hii. Kiti cha enzi cha zamani cha mpingo kilichotiwa pembe, sahani za Kichina zilizopangwa katika zidaka za nyumba za Lamu, mlango wa nakshi wa Unguja uliochongwa na fundi ambaye kaburi lake halijulikani, vyote hivi ni ndugu za kigari kile.

Jambo la kwanza la kubainishwa ni kwamba wingi wa faida peke yake si dhuluma. Wako wadhanio kuwa sheria imeweka mpaka wa faida, theluthi au nusu, na atakayepita hapo amekula haramu. Mpaka huo haukuwekwa. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Faida ilikuwa mia kwa mia, naye hakulaumiwa, bali aliombewa baraka katika biashara yake. Na bei zilipopanda Madina watu wakataka wawekewe bei, Mtume hakukubali, akabainisha kuwa apangaye bei ni Mwenyezi Mungu, naye hataki kukutana Naye hali ya kuwa yuko mtu anayemdai dhuluma ya damu au ya mali. Ilivyokuwa ni hivyo katika vyakula, itakuwaje katika kigari cha kuchezea? Kulimbika mali ili bei ipande kumekatazwa, lakini wanazuoni wa Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani hii, wamelihusisha katazo hilo na vyakula, kwa kuwa mwenye njaa hana hiari. Mwenye kutamani kigari ana hiari. Akikikosa atalala, na kesho ataamka mzima.

Basi aliyenunua kitu kwa peni sita, akakiweka miaka hamsini, hana kosa kukiuza kwa bei ya leo. Wala haimlazimu kutaja alichokinunulia, maadamu hauzi kwa kusema "mtaji wangu ni kadha, niongeze kadha". Akiuza kwa neno hilo, au akaulizwa akajibu, uwongo wa peni moja ni uwongo.

Dhuluma katika vitu hivi haikai katika hesabu. Hukaa katika ujuzi. Muuzaji ajua na mnunuzi hajui, au mnunuzi ajua na muuzaji hajui, na yule ajuaye akanyamaza. Vigari vya kabla ya vita vina ugonjwa. Madini yao ni mchanganyiko wa zinki, na palipoingia uchafu, kama risasi kidogo, madini huanza kuharibika kwa ndani: huvimba, hufanya nyufa nyembamba kama unywele, mwisho humomonyoka kama biskuti. Hapana dawa ya kuurudisha. Muuzaji mzoefu huziona nyufa hizo chini ya gari au ndani ya magurudumu, naye hukiweka kitu rafuni kwa namna ambayo chini yake hapaonekani. Wengine huondoa rangi ya zamani wakapaka mpya, kisha wakauza kama kwamba mkono wa kiwanda haujaguswa. Na sanduku la karatasi, ambalo mtoto alilitupa siku ile ile, leo laweza kuongeza bei ya kigari mara mbili. Basi yako masanduku yanayochapwa upya. Kuchapa sanduku upya si kosa, wala kupaka rangi si kosa. Kosa ni kutosema. Ni rundo lile la nafaka ambalo Mtume alitia mkono akakuta ndani ni mbichi, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona.

Imamu Ghazali ameitaja katika Ihya habari ya Wathila bin al-Asqa, aliyeona mtu akiuza ngamia kwa dirhamu mia tatu. Mnunuzi alipokwenda zake, Wathila alimkimbilia akamuuliza kama amemtaka kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, alimwambia kuwa ana tundu katika wayo wake na hataweza safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza mia. Yule muuzaji alinung'unika kwamba biashara yake imeharibiwa. Wathila hakuwa na sehemu katika biashara ile, wala hakuulizwa.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi wa vitu vya kale hawalihesabu kuwa ni ila, nalo ni bei ya uwongo. Kitu kisicho na mizani ya gharama hupimwa kwa kile walicholipa wengine. Leo mtu aliye Mombasa aweza kuona katika simu yake kigari kama chake kimetiwa bei gani London. Lakini bei iliyotajwa si bei iliyolipwa. Wauzaji kumi waweza kutaja pauni mia tano mwaka mzima na asipatikane hata mmoja wa kuzitoa, huku kile kilichouzwa kwa kweli kimekwenda kwa mia moja na hamsini. Mwenye kumwonyesha mnunuzi zile bei kumi na kumficha ile moja hakusema uwongo kwa ulimi, ila ushahidi alioutoa ni wa uwongo. Karibu na huyu ni yule amwekaye rafiki yake mnadani apandishe bei bila ya nia ya kununua. Hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa waziwazi. Na ajabu ni kwamba wanaoifanya huiita uchangamfu wa soko.

Hapa lafika swali lililo gumu. Hapana ila iliyofichwa, hapana uwongo, hapana najshi. Mnunuzi tu hajui bei, naye yuko radhi kutoa mara mbili ya yatolewayo na wengine. Ahli ya Shafi husema kuwa kupunjika peke yake hakumpi mnunuzi haki ya kuvunja mauzo. Yeye ndiye aliyefanya haraka asiulize. Wanazuoni wa Hanbali humpa khiari yule asiyejua kufanya bei aliyejitupa mikononi mwa muuzaji, punjo likizidi yaliyozoeleka. Kwa hukumu ya kadhi, basi, muuzaji wa pwani amesalimika. Lakini Ghazali, naye ni Mshafi, hakuishia penye hukumu ya kadhi. Yeye ameiweka haki mlango mmoja na ihsani mlango wa pili, na katika mlango wa ihsani akaleta habari mbili ambazo zafaa kusomwa pamoja.

Sari as-Saqati alinunua lozi kwa dinari sitini, akaandika katika daftari yake faida ya dinari tatu. Bei ya lozi ikapanda ikafika tisini. Akaja dalali kuzitaka, Sari akasema sitini na tatu. Dalali, naye ni mtu mwema, akasema bei ya leo ni tisini. Sari akasema amekwisha weka ahadi na Mola wake na hataivunja. Dalali akasema naye ameweka ahadi asimpunje Mwislamu, na hatazichukua illa kwa tisini. Wakaachana, hakuuza huyu wala hakununua yule.

Habari hii hupendwa sana na wasomao, lakini kwa mwenye kuuza vitu visivyotengenezwa tena haimfai kuwa kanuni. Auzaye kigari cha pauni tisini kwa sitini na tatu, akakichukua mchuuzi, kesho kitauzwa tisini na mwenye kukipenda hatapata kitu. Iliyo karibu zaidi ni ile ya Yunus bin Ubaid. Alikuwa na nguo za dirhamu mia nne na nguo za mia mbili. Alipokwenda kuswali, mpwawe aliyemwacha dukani alimuuzia bedui nguo ya mia mbili kwa mia nne. Yunus akamkuta bedui njiani na nguo mkononi, akamrudisha. Bedui akasema kwao nguo ile ni mia tano, naye yuko radhi. Yunus hakuupokea ule uradhi; akamrejeshea mia mbili, na yule kijana akamkemea kwa kumtakia mtu jambo asilojitakia mwenyewe. Yunus hakuuza chini ya bei ya soko. Alikataa tu kuifanya bei ya mtu mmoja kuwa kubwa kwa sababu ya ujinga wake. Mpaka huo muuzaji wa leo auweza: amwambie mnunuzi vingine kama hiki vimelipwa kiasi gani, kisha ataje bei yake, hata ikiwa juu, na amwache achague.

Na mnunuzi je? Watu hutoa mawaidha kwa wauza maduka wakamsahau mnunuzi, na katika vitu vya kale yeye ndiye hudhulumu zaidi. Mchuuzi ajuaye aingia nyumba ya mjane, aona kiti cha mpingo kimewekwa mitungi, asema, "Bibi, hiki kimekwisha liwa na mchwa, nitakuondolea kwa elfu mbili." Hilo ni uwongo na halihitaji kitabu. Lakini kama hakusema neno la mchwa, akauliza tu, "Mwauza kiasi gani?", na yule bibi akataja elfu mbili kwa kitu cha laki mbili? Jarir bin Abdallah alinunuliwa farasi na wakili wake kwa mia tatu. Mwenye farasi alipokuja kuchukua fedha, Jarir alimtazama farasi akamwambia mwenyewe kuwa huyu ni zaidi ya mia tatu, je, atamuuza kwa mia nne? Akaendelea kumpandishia mia kwa mia mpaka akamlipa mia nane.

Na sheria yenyewe, isiyompa mnunuzi aliyepunjika khiari, yampa khiari yule aliyeletewa mnunuzi nje ya mji kabla hajafika sokoni akajua bei. Mjane aliye ndani ya nyumba yake hakufika sokoni. Soko lilimjia mlangoni. Mchuuzi ana haki ya nauli yake, ya hatari yake, na ya ujuzi wake alioupata kwa miaka, na hayo yote ayaondoe katika bei anayotumai kupata, kwa hesabu anayoweza kuisema mbele ya mwenye kiti. Ama anunuapo kwa mchuuzi mwenziwe, ambaye naye ana simu na ameuza vigari tangu ujana wake, hapo hana la kumwambia illa bei.