Je, Mwenye Elimu Ana Dhima ya Elimu Yake?

Katika maswali makubwa ya zama hizi ni hili: mtu wa chuo kikuu akivumbua jambo, kisha jambo lile likatoka mkononi mwake likaenea duniani, je, dhima yake hukoma pale alipoandika na kutangaza aliyoyaona, au humfuata kokote elimu yake iendako? Swali hili si la wenye vyuo peke yao. Hapana nyumba leo katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, isiyoingiwa na matunda ya utafiti wao. Friji iliyo jikoni, simu iliyo mkononi mwa kijana, na chanjo apigwayo mtoto, vyote vimetokana na kazi yao. Basi anayekula tunda ana haki ya kuuliza khabari za mti.

Wako wasemao kwamba elimu haina lawama. Elimu, wasema, ni kama kisu: mwenye kukitumia vyema hukatia nyama, na mwovu hukatia roho ya mtu, na mhunzi hana kosa. Maneno haya yana sura ya ukweli, walakini hayatoshi. Maulamaa wetu wa fiqhi walilitazama jambo hili zamani sana katika mas-ala ya kisima. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu bila ya haki, na mpita njia akatumbukia, mchimbaji ana dhamana, na hautosikizwa udhuru wake kwamba hakumsukuma mtu. Lakini akichimba ndani ya shamba lake, kisha mwivi akaingia usiku akaanguka, hana juu yake kitu. Hivyo basi lililo muhimu si kuchimba peke yake, bali ni wapi alichimba, na je, alijua kwamba watu watapita?

Natutazame mambo yaliyotokea. Mwaka 2012 Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, pamoja na wanafunzi wake wawili, waliifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Waliionyesha picha zaidi ya milioni moja, ikajifunza wenyewe kupambanua mbwa na paka, gari na merikebu. Katika mashindano ya mwaka ule makosa yao yalikuwa kiasi cha asilimia 15, na waliowafuatia walikosa asilimia 26. Tangu siku hiyo makampuni makubwa yaliikimbilia elimu hii, nayo ni msingi wa hiyo iitwayo akili bandia ambayo leo huandika, husema, na hutengeneza picha za mambo yasiyokuwako. Mwezi wa Mei 2023 Hinton alitoka katika kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, apate kuwaonya watu kwa uhuru juu ya khatari zake. Mwaka 2024 alipewa Nishani ya Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield.

Twamshukuru kwa kuonya, kwani wengi hunyamaza wakafa na siri zao. Walakini alitaja jambo moja linalostahili kupimwa. Alisema kwamba hujiliwaza kwa udhuru wa kila mtu: lau yeye asingelifanya, mwengine angelifanya. Udhuru huu tunausikia hata sokoni kwetu. Auzaye kitu kilichooza asema nisipouza mimi atauza fulani. Je, ni udhuru kweli? Sisi twaona kuwa sio. Katika mambo ya kheri iko fardhi kifaya: akishatokea mtu akamwosha maiti na kumzika, wengine wameondokewa na wajibu. Hapo kitendo cha mwenzio kinakutosheleza. Lakini hapana shari kifaya! Dhara uliyoitenda kwa mkono wako haiondoki kwako kwa sababu mwenzio naye alikuwa tayari kuitenda. Na ikiwa kweli wengi walikuwa tayari, basi hiyo ni hoja ya kuonya mapema zaidi, si hoja ya kunyamaza.

Na kwamba yawezekana kuonya mapema, uko ushahidi. Mwaka 1974 watu wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, Sherwood Rowland na Mario Molina, walitangaza kuwa gesi zilizokuwa zikitiwa katika mafriji na makopo ya marashi hupanda juu mno bila ya kuharibika, kisha mwanga mkali wa jua huzivunja, zikatoa klorini, na klorini ikaila ozoni inayotukinga na ukali wa jua hilo. Si wao waliozivumbua gesi zile. Wangaliweza kuandika makala yao wakaenda kulala. Badala yake walisimama mbele ya watunga sheria na mbele ya magazeti wakitaka zikatazwe. Wenye viwanda waliwapinga kwa miaka. Mwaka 1985 Waingereza walitangaza kuwa ozoni ya juu ya nchi ya barafu ya kusini imetoboka vibaya, na mwaka 1987 mataifa yakaagana mjini Montreal kuzipunguza gesi hizo, hata mwisho zikaachwa. Leo wataalamu wathibitisha kwamba ozoni yaanza kupona. Nishani ya Nobel waliipata mwaka 1995, baada ya miaka 21.

Tena kuna mfano wa mainjinia. Mwezi wa Aprili 2014 mji wa Flint, Marekani, uliacha kununua maji ya Detroit ukatumia ya mto wake, ili kupunguza gharama. Maji yale yalikuwa yakila mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa; basi risasi iliyomo mabombani ikaingia katika vikombe vya watoto. Raia walilalamika, wakubwa wakasema maji ni salama. Mwaka 2015 mama mmoja wa mji huo alimwendea Marc Edwards wa chuo cha Virginia Tech. Yeye na wanafunzi wake walipeleka vyombo vya kupimia maji karibu 300 katika majumba ya watu, wakapima, wakatangaza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mji ulirudia maji ya Detroit. Elimu ya mabomba na kutu ilikuwa vitabuni miaka mingi. Iliyokuwa imepungua ni mtu wa kuitoa kitabuni akaipeleka mferejini.

Wala dhima si kuzuia dhara peke yake. Ni kufikisha manufaa pia. Chuo Kikuu cha Oxford kilitengeneza chanjo ya malaria iitwayo R21, na ilijaribiwa juu ya watoto zaidi ya 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Bagamoyo, na hapa kwetu Kilifi. Kilifi na Bagamoyo, ambako watoto walichanjwa kwa kadiri ya umri wao, na mahali pengine pa namna hiyo, maradhi yalipungua kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Mwezi wa Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliikubali. Hutengenezwa Bara Hindi, na bei yake ilitajwa kuwa baina ya dola 2 na 4 kwa sindano moja. Bei hii ni sehemu ya utafiti wenyewe, kwani dawa asiyoweza kuinunua mgonjwa ni sawa na dawa isiyovumbuliwa. Hatusemi faida ni haramu. Mfanya kazi ana ujira wake. Twasema kwamba wazazi waliowatoa watoto wao kujaribiwa ni washirika katika elimu ile, na mshirika hanyimwi fungu lake.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili. Mwenye elimu hana dhamana ya kila alitendalo mjinga au mwivi kwa elimu yake, asilolijua wala asingeliweza kulijua. Lakini alilolijua, au lililokuwa wazi kwake lau angelitazama, hilo liko shingoni mwake mpaka aonye, azuie awezalo kuzuia, na afikishe panapohitajiwa.

Na sisi je? Mama wa Flint hakuwa injinia, alikuwa mtu aliyeuliza. Ikiwa sisi twapokea kila kipya kwa kushangilia, au twakikataa kwa uvumi wa barazani, tumewaachia wengine dhima yetu. Vijana wetu leo wako Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo cha Ufundi cha Mombasa. Tusiwaulize tu watapata mshahara gani. Tuwaulize: unachimba kisima gani, njiani mwa nani, na je, umekifunika?