Jina la Mzaha na Watoto Wanaolirithi

Kati ya majina ya ukoo ya Waingereza liko moja la kuchekesha: Drinkwater, maana yake Kunywa-maji. Wafaransa nao wana ukoo wa Boileau, na Waitaliano wana Bevilacqua. Maana ni ileile. Basi, wasomaji wapenzi, tuulize: mtu akipewa jina na jirani kwa kumcheka, nalo likawashukia wana wa wana wake, je, lina haki gani juu yao?

Kwanza tujue asili yake. Zamani Mwingereza alikuwa na jina moja tu. Lakini katika kijiji kimoja akina John walikuwa wengi, ikawa lazima kuwatofautisha. Huyu aliitwa kwa kazi yake: Smith, yaani mhunzi. Yule kwa mwili wake: Armstrong, yaani Mkono-wenye-nguvu. Mwingine kwa desturi yake au kwa mzaha tu. Baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066, majina hayo yalianza polepole kurithiwa, na kufika mwaka 1400 hivi jamaa nyingi za Uingereza zilikuwa nayo. Makarani waliyaandika katika vitabu vya kodi ya kichwa, miaka 1377, 1379 na 1381. Tena tangu 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Neno la mzaha likiisha kuingia kitabuni, halitoki upesi.

Pili, je, neno hilo lilisema kweli? Wataalamu hulieleza kwa namna mbili. Labda Drinkwater wa kwanza alikuwa maskini asiye na fedha ya pombe, wakati pombe ilikuwa kinywaji cha kila siku. Au labda alikuwa mlevi, wakamwita kinyume, kama sisi tunavyomwita mtu mrefu sana Kadogo. Neno ni moja, lakini watu hao wawili ni mbalimbali kabisa! Basi jina la mzaha ni shahidi dhaifu: latuonyesha kinywa cha jirani kuliko moyo wa mwenye kuitwa.

Wengine watajibu: «Mtoto wa nyoka ni nyoka.» Kweli, mtoto hurithi sura na kimo. Lakini ulevi wa babu si kosa la mjukuu, wala kiasi cha babu si sifa yake. John Drinkwater (1882–1937) alikuwa mshairi, na mwaka 1918 alitoa mchezo wa kuigiza juu ya Abraham Lincoln uliompatia sifa kubwa. Watu waliupima mchezo wake. Kikombe cha babu yake hakikuwahusu.

Tena tuna mfano wetu huku Kongo. Stanley, aliyezaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, aliitwa na watu wa Kongo ya chini Bula Matari, yaani Mvunja-mawe, kwani alipasua miamba akitengeneza njia. Baadaye Serikali nzima ya wakoloni ikaitwa hivyo. Wakubwa ambao hawakushika nyundo hata siku moja walirithi jina hilo, nalo likawa neno la kutia hofu. Ndiyo kusema, warithi hulijaza jina kwa matendo yao wenyewe. Jina la nguvu laweza kugeuka la kuogofya. Vilevile jina la kuchekwa laweza kugeuka la heshima.

Kwa hiyo yako mambo mawili ya kushika. Wewe unayewapa wenzako majina, kumbuka kwamba ulimi hauna mfupa: usimwite kilema kwa mguu wake, kwani neno lako laweza kuishi kuliko wewe na yeye, likawachoma wajukuu wake wasio na hatia. Nawe uliyerithi jina la kuchekwa, huna deni kwalo. Sheria ya Uingereza humruhusu mtu kubadili jina lake, wala si vibaya. Lakini akina Drinkwater wengi wamelishika lao bila haya. Wahenga walisema: jina jema hung'aa gizani. Mafuta ya taa hiyo hutiwa na yule anayeibeba leo.