Je, Hati Yatosha Kuwa Haki?

Mtu akipata ardhi kwa sheria, naye ajua kwamba jamaa za watu wanalima humo na kula humo, je, ametenda haki? Swali hili si la waamuzi peke yao. Ni la kila mwenye dhamiri.

Tazameni milima ya Masisi, katika Kivu. Udongo wake una rutuba, wala mvua haikosi. Zamani mtu alilima kwa ruhusa ya mwami, akampelekea sehemu ya mavuno, na shamba likabaki kwa watoto wake. Karatasi haikuwapo, majirani walijua mipaka. Tarehe 20 Julai 1973 sheria mpya ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Haki za wanavijiji ziliachwa zipangwe baadaye kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Ndipo wenye fedha, na wenye kujuana na wakubwa, wakajipatia hati, wakazungusha senyenge, wakaingiza ng'ombe. Aliyekuwa na shamba akawa mwenye kuomba shamba: hupewa kipande kwa msimu mmoja, naye hulipa kwa kazi ya mikono yake. Vita vilipozuka huko mwaka 1993, ugomvi wa ardhi ulikuwa mojawapo ya sababu zake.

Wengine hujibu: «Ng'ombe nao ni riziki.» Ni kweli. Jibini ya Masisi huuzwa Goma, na mchungaji hupata mshahara wake. Kulima ni kwema, kufuga ni kwema. Ubaya ni kumhesabu mkulima kana kwamba hayupo.

Basi, hati yaweza kumpa mtu ardhi. Haiwezi kumwondolea deni kwa wale aliowakuta. Na awaulize kabla ya kuzungusha ua. Na awaachie mahali pa kupanda maharagi yao, kwa miaka na si kwa msimu tu. Akiwaondoa, na awalipe.

Je, mkulima aweza kukata senyenge usiku na kuwaua ng'ombe? La. Atakayepigwa kwanza ni mchungaji, maskini kama yeye. Afadhali wanakijiji wasimame pamoja, wapime mashamba yao mbele ya wazee na mwami, wayaandikishe, wadai haki yao mchana. Mtu mmoja hunyamazishwa upesi. Kijiji kizima hakinyamazishwi upesi.